Sikuyatupa Magongo

Bwana apewe sifa, na nyinyi wa nyuma karibu na mlango pia mumpe! Mimi ni Mama Kevo, yule wa viazi pale sokoni. Mnanijua kwa kelele, lakini leo nisikizeni vizuri.

Ndugu zangu, goti langu la kulia lilianza kuuma kama mzaha. Nikasema ni baridi ya mlima. Nikakandwa kwa mafuta, nikafungwa vitambaa, na uvimbe ukazidi. Nilipopigwa picha hospitalini, daktari aliniambia bila kuzungukazunguka: "Mama, hii uvimbe imekula mfupa. Tukichelewa, tutakata mguu." Niliogopa! Mimi ni mjane, na watoto wangu wanakula kwa sababu miguu hii inasimama sokoni.

Wakanipasua. Wakakwangua uvimbe wote, wakatoa mfupa mzuri kwenye nyonga yangu wakaujaza katika lile shimo, wakaongeza simiti, wakakaza kwa skrubu. Ndiyo, simiti! Si ile ya kujengea nyumba, ni ya mifupa. Daktari akanieleza kwamba simiti na skrubu zinashikilia tu, mfupa wenyewe lazima upewe muda ushikane. "Usikanyage mpaka nikwambie. Ukikanyaga mapema, kazi yote itaharibika."

Sasa mnajua desturi yetu hapa. Mtu akiombewa mguu, Jumapili ya shukrani anaacha magongo madhabahuni, ngoma zinalia, tunaruka. Basi mkanileta mbele na magongo yangu. Mzee wetu wa kanisa, ambaye nampenda sana, akanishika mkono: "Mama Kevo, tupa hiyo magongo! Ama hauna imani?"

Ngoma zikapanda. Nyote mlikuwa mnaniangalia. Haki ya Mungu, nilitamani kuyatupa!

Nikasema, "Mzee, hii mfupa bado inashikana. Mungu ako kazini huko ndani, na mimi sitamharibia kazi."

Ngoma zikanyamaza. Nikageuka na magongo yangu, ko, ko, ko, mpaka kwa kiti changu. Wengine mlinong'ona ati nimeaibisha kanisa. Niliumia, nikalia nikipika nyumbani. Lakini sikukanyaga! Kila asubuhi niliomba nikiwa nimekaa, nikamshukuru Mungu kwa mikono ya yule daktari, kisha nikashika magongo nikaanza siku.

Wiki iliyopita nilipigwa picha tena. Mfupa umeshika! Daktari akacheka, akasema, "Sasa kanyaga." Nikakanyaga pale pale mbele yake, nikiita jina la Yesu. Na leo nimewafikia hapa mbele kwa miguu yangu miwili!

Ndugu zangu, Mungu wetu anaponya ghafla, na anaponya polepole. Mwamini hata akienda polepole. Nilipokuwa naingia niliona magongo mawili yameegemezwa nje, nyuma ya tangi la maji. Sitauliza ni ya nani. Wewe uliyeyaficha ili tusikuone nayo, nenda kayachukue. Ibada itakungoja.