Mbaraka bin Shamte wa Kanga na Kisu Alichompa Shemeji Yake

Jamaa na majirani mliokuja kumzika Mbaraka bin Shamte, haya yatakayosomwa aliyataka marehemu mwenyewe. Anayeyasoma ni Matano bin Abeid, shemeji yake. Marehemu aliomba awe yeye na si mwingine.

Marehemu alizaliwa hapa Kanga, mwezi wa Rajabu mwaka 1285 wa Hijria, mtoto wa pekee wa Bwana Shamte bin Jumanne na Bi Mize. Alisoma chuoni hapa hapa mpaka akahitimu Kurani, ingawa mwalimu alilalamika kwamba kila ubao wa kuandikia aliopewa aliurudisha umechongwa maua pembeni.

Useremala alifundishwa na baba yake. Visu vya kukunja vilipoanza kuuzwa madukani Chole, vilikuja na mipini ya pembe, ikapasuka upesi kwa chumvi. Mbaraka alivifungua, akaitoa pembe na kutia mti. Alichonga kwa tupa, akasugua kwa majani ya msasa, akapaka mafuta ya nazi, kisha akapigilia misumari midogo ya shaba. Ili mpini ukae sawasawa, kila mteja alipewa donge la unga uliokandwa alifinye, fundi apate umbo la kiganja chake. Mkewe aliwahi kumwambia, "Bwana we, mkate wa leo una vidole vya Kanga nzima!"

Mke huyo ni Bi Mwanaharusi binti Abeid, dada yake Matano. Walioana mwaka 1312, wakajaliwa Chiku na Mbarouk.

Mwaka 1319 Matano naye alioa, na marehemu akamtengenezea kisu cha zawadi. Mpini ulikuwa wa kiini cha mkwaju, mishipa yake myeusi ikifuatana pande zote mbili. Alipokwisha kuupigilia ndipo alipogundua kwamba kamani, kile chuma cha ndani kinachozuia ubapa usijikunje, ina ufa. Kuibadili kulitaka mpini uvunjwe. Hakuuvunja. Watu walikuwa wamekwisha kuzisikia sifa zake na walikuwa wanangoja kuuona.

Matano alikuwa mshona matanga. Siku chache baada ya harusi, alipokuwa akikata kamba, ubapa ulijifunga juu ya kidole chake cha shahada. Kidonda kikaoza, kidole kikakatwa, na kazi yake ya matanga ikaishia hapo. Watu walimwuliza marehemu, naye akajibu, "Kisu hakina kosa. Alikishika vibaya."

Neno hilo likaenea. Hapa Kanga mtoto akiangusha sahani aliambiwa ana mkono wa Matano. Matano akahamia Miburani, akawa anakuja siku za Ijumaa na sikukuu tu. Siku hizo marehemu alihama safu msikitini. Hakuweza, alimwambia mkewe baadaye, kukaa kwenye tahiyatu, pale kidole cha shahada kinapoinuliwa katika sala, karibu na mtu anayeinua kigutu mahali pa kidole. Visu vya kukunja aliacha kuvitengeneza, akisingizia macho.

Chiku aliolewa mwaka 1329. Katika karamu ile mgeni mmoja alimtania Matano asiguse nyama, asije akajikata tena, na watu wakacheka. Marehemu akasimama, mkono bado una wali.

"Acheni," alisema. "Kisu kile kilikuwa kibovu, nami nilijua kabla sijampa. Niliona uchungu kuuvunja mpini."

Matano alinawa, akaondoka. Bi Mwanaharusi aliingia ndani na hakutoka mpaka wageni walipokwisha kuondoka. Bibi harusi alilia, na hakuna aliyejua kama alimlilia baba au mjomba.

Mwezi wa Mfunguo Nne mwaka huu marehemu alishikwa na homa na kikohozi cha damu. Bi Mwanaharusi akaenda Miburani kwa ndugu yake. "Kaka, njoo. Kama si kwa ajili yake, kwa ajili yangu." Matano akaja, akasimama mlangoni.

"Shemeji," marehemu alisema, amegeukia ukutani, "sina uso wa kukutazama."

"Basi nisikilize. Kidole nilikwisha kukizika. Hayo maneno kwamba nilikishika vibaya, ndiyo sijui niyazike wapi."

Marehemu alilia muda mrefu. Kisha akasema, "Yazike kaburini kwangu: useme kweli yote. Wote waliokucheka watakuwapo."

Alifariki alfajiri ya Alhamisi, siku ya kumi ya Mfunguo Tano, mwaka 1332. Ameacha mjane wake Bi Mwanaharusi, watoto wake Chiku na Mbarouk, na mjukuu, Bimkubwa, ambaye bado ananyonya.

Desturi yetu ni kuuliza kaburini nani amedhulumiwa na marehemu. Ni mimi, Matano. Mmesikia. Siku ile mlangoni alingoja neno moja kutoka kwangu, nikatoka sijalisema. Nalisema sasa: nimemsamehe. Mola amsitiri huko aendako, alale kwa amani.