Alama ya Dole Gumba la Lyle

Sogezeni viti karibu, wote wawili, na wewe Terrell usisimame mlangoni kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Verdine, zima hiyo feni, inanishinda sauti, na sauti yenyewe niliyobaki nayo si ya kugombana na feni. Padri ameshanipaka mafuta matakatifu, na daktari jana aliponishika mkono akaanza kuyasifia maua ya ukumbini nilijua hana jingine la kunipa. Sasa imebaki zamu yenu. Mimi Odalie, mjane wa Ovide, mama yenu, nitayasema haya mara moja, kwa hiyo msinikatize, na anayetaka kulia alie huku anasikiliza.

Nyumba hii ni ya Verdine, maana ndiye aliyerudi kunishika mkono nilipoanza kupapasa kuta. Ghala na mashine zote na gari la baba yenu ni vya Terrell. Shamba la mpunga, kuanzia tuta la kwanza mpaka mfereji mkubwa, ni lenu pamoja, na nawakataza kupitisha waya katikati yake. Kile chungu cha chuma cha kupikia mchuzi mzito wa gambo achukue Verdine, ila asikioshe kwa sabuni, na kila Krismasi kipikiwe hapa, kwenye jiko hili, watu wote wakae meza moja. Nimechoka kupika mara mbili, mmoja ale asubuhi aondoke, mwingine aje jioni akiwa ameshachungulia barabarani kuona kama gari la mwenzake limetoka. Mnadhani sikuwa naona? Macho yalikuwa bado mazima wakati ule.

Lakini sikuwaitia chungu wala shamba. Hayo nyinyi hamtayagombania, nawajua. Mtagombana kwa bastola ya baba yenu.

Usinikunjie uso, Verdine, nausikia ulivyoukunja. Siku ya maziko ya Ovide watu wamejaa jikoni, sahani mikononi, wewe ukamtazama mdogo wako kiunoni, ukaiona ile bastola yake nyeupe ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu, ukamwambia mbele ya watu, "Hiyo sufuria umeivaa unakwenda kumpikia nani?" Watu wakacheka, na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilicheka. Terrell naye hakukosa la kusema, akakujibu, "Afadhali sufuria yangu kuliko hiyo bastola yenu ya buluu inayotaka kuogeshwa mafuta kama kichanga." Mngeishia hapo ingekuwa utani wa kawaida wa watu wa hapa, maana huku kwetu kumuuliza mtu kwa nini amechagua bastola ya buluu au nyeupe ni sawa na kumuuliza anasali kanisa gani, atakujibu mpaka kahawa ipoe. Lakini wewe ukaongeza, "Ndiyo maana Baba hakukuachia uiguse yake. Mikono yako inaozesha chuma." Huo haukuwa utani tena. Niliona Terrell anaiweka sahani juu ya friji, hajamaliza, anatoka. Tangu siku ile hamjakaa tena meza moja.

Basi sikilizeni niwaambie kuhusu hiyo mikono, maana mnasema msichokijua.

Baba yenu alikuwa mtu wa buluu tangu ujana. Mnaikumbuka rangi ile, jinsi ilivyokuwa nyeusi ukiitazama kivulini, ukiitoa juani inakuwa buluu kama mgongo wa kunguru aliyenyeshewa. Alikuwa anapenda kusema kwamba ile si rangi ya kupakwa, ni ngozi ya chuma chenyewe, kimechemshwa dawani mpaka kikabadilika uso, na ngozi hiyo ni nyembamba, haitaki uzembe. Ndiyo maana nyumba hii ilikuwa na sheria yake. Ukiishika bastola, hata kama umeitazama tu na kuisifu, hairudi kwenye droo mpaka umeipangusa kwa kile kitambaa cha shati la flaneli kilicholowekwa mafuta kwenye chupa ya achari. Hewa yetu hii ina chumvi ya bahari ya Ghuba, haina huruma na chuma. Ovide aliniambia wakati wa uchumba, "Odalie, anayeweza kutunza buluu anaweza kutunza mke." Nikamwambia basi mke naye angependa kukumbukwa kila Jumapili kama bastola. Alicheka mpaka akakohoa.

Na Terrell alipokwenda kufanya kazi kwenye mitambo ya mafuta kule baharini akarudi na ile nyeupe, baba yenu aliitania, ndiyo, aliiita kijiko cha hospitali. Lakini usiku ule... hapana, siyo usiku, ilikuwa alfajiri, tunakunywa kahawa, akaniambia, "Yule mtoto hakuichagua nyeupe. Mikono yake ndiyo iliyomchagulia." Hakukudharau, mwanangu. Kuna watu jasho lao ni kali, wakishika chuma wakakiacha hivyo hivyo, kesho kinatoka madoadoa ya kahawia pale pale vilipokaa vidole. Baba yangu mzazi alikuwa hivyo, saa zilikuwa zinaoza mkononi mwake. Wewe ulirithi kwake. Na Lyle alirithi kwake.

Ndiyo. Leo nitalitaja jina la Lyle mpaka mwisho, na mtanivumilia.

Lyle mdogo wenu, kitinda mimba wangu, hakuwa na akili ya kununua stenlesi kama Terrell, wala hakuwa na subira ya kupangusa kama wewe Verdine. Alikuwa anataka ya baba yake basi. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, maji yakataka kufurika juu ya matuta, na baba yenu mgongo umemkaza hawezi kuinuka. Lyle akaichukua bastola kwenye droo kwa ajili ya nyoka wa majini, wanaopanda matutani maji yakijaa, akaenda kuifungua milango ya mfereji. Alirudi salama. Alisimama pale pale ulipo sasa, Terrell, analowesha sakafu yangu, nikamwambia vua viatu, akasema, "Mama, nimesahau mlango mmoja, narudi sasa hivi," akaifungua droo akaitia bastola ndani, mikono imelowa jasho na mvua, akaisukuma droo kwa goti. Nikamwita, "Lyle, kitambaa." Akasema, "Nikirudi." Gari likateleza kwenye daraja dogo, likapinduka mferejini. Hayo mengine mnayajua.

Ambalo hamlijui ni hili. Tulipoweza kuifungua tena droo ile, mpunga ulikuwa umeshavunwa. Baba yenu aliitoa bastola ili aisafishe, akaigeuza dirishani. Ubavuni, chini kidogo ya silinda ya kutilia risasi, kulikuwa na dole gumba. Dole gumba la Lyle lote, limechorwa kwa kutu, mistari yake yote unaiona, na kale kakovu alikojikata na kopo alipokuwa mdogo kamekatiza katikati. Ovide, mtu ambaye hakuwahi kuiacha kutu ilale ndani ya nyumba yake, alikuwa na kitambaa mkononi. Akakiweka chini. Akakaa sakafuni na ule mgongo wake mbovu, akalia kama ambavyo hakulia kaburini.

Toka siku hiyo, kila Jumapili tukitoka kanisani, aliitoa akaipaka yote mafuta, na pale penye dole akawa anadondosha tone moja tu, analigusa kwa ncha ya kitambaa, lisikue na lisifutike. Alipokufa nikaendelea mimi. Macho yalipoondoka nikawa napapasa kwa kidole. Panakwaruza kidogo, kama ulimi wa paka. Nilikuwa nikipagusa, nasema, umerudi salama. Hatukuwaambia kwa sababu baba yenu hakuweza kulitaja jina la yule mtoto akamaliza, akaniambia, "Waambie utakapokuwa unaondoka." Ndiyo nawaambia. Sasa mnajua kwa nini hakupenda ishikwe na mtu. Hakuwa anailinda na mikono yako, Terrell. Alikuwa anailinda na kila kitambaa, pamoja na cha kwako, Verdine, maana wewe ungeiona kutu usingevumilia hata dakika.

Na hili ndilo agizo langu. Bastola hii isiuzwe, isipelekwe kwa fundi, isisuguliwe. Fundi akitaka kutia buluu mpya ni lazima aparue kwanza mpaka chuma kiwe cheupe, na alichoparua hakirudi. Nyinyi ni watu wa hapa, mnajua hilo.

Nipe, Terrell. Wewe ndiye uliyeihifadhi kimbunga kilipokuja nami nikalazwa, na asubuhi umeingia nayo imefungwa kwenye kitambaa kipya, unasema una kitu cha kunifurahisha. Nilikwambia ngoja nimalize kusema. Nimemaliza. Fungua silinda kwanza, tuhakikishe haina risasi. Nimesikia. Haya, iweke hapa tumboni.

Imekuwa nzito, au ni mimi nimekuwa mwepesi. Mpini ni huu. Silinda hii hapa. Basi chini yake... ngoja. Labda ni upande wa pili. Hapana, ni huu huu. Verdine, niongoze kidole.

Ni laini.

Ni laini yote, Terrell.

Keti. Nimesema keti, usiende ukumbini. Verdine, usimwambie neno hata moja, nyamaza, mwanangu, nakuomba. Sema mwenyewe, Terrell. Uliipeleka kwa fundi? Uliiona ina kutu... ulidhani ni wewe? Ulidhani ni vidole vyako vya zamani ndivyo vilivyoiharibu bastola ya baba yako, na dada yako akiiona atapata la kukusema. Ukataka uniletee ikiwa mpya, umwonyeshe kwamba na wewe unaweza kutunza buluu.

Sitakudanganya. Nimeumia. Nimeumia hapa, na sina muda wa kupona. Nilitaka nipaguse mara ya mwisho.

Lakini hukujua. Sisi ndio tuliokaa kimya, na dada yako ndiye aliyekutia hilo neno moyoni, na wewe umefanya ulichofanya kwa kunipenda. Acha kupiga magoti. Nipe mkono. Huu mwingine, wa kulia. Umelowa, unaona? Hivi hivi ndivyo alivyokuwa yeye, ukimshika kanisani wakati wa kutakiana amani unajifuta kwenye gauni. Mkono ule ule. Nimekuwa nao hapa miaka yote, nikawa naupapasa kwenye chuma.

Shika shuka yangu. Futa mafuta hapo chini ya silinda, pakauke kabisa. Sasa weka dole gumba lako. Bonyeza. Kaa nalo hapo, usiliondoe mpaka nikwambie. Jasho na machozi yote sawa, yote yana chumvi.

Verdine, rudisha hicho kitambaa kwenye chupa. Najua mkono unakuwasha. Bastola itarudi kwenye droo ile ile, nayo ni yenu wote, na kutu ikishatoka vizuri, kila Jumapili wewe utapaka mafuta na yeye atakuonyesha mahali pa kuruka, maana ni dole lake. Hamwezi kuifanya kazi hiyo bila kukaa karibu. Kisha mle. Chungu kipo.

Nizikeni kati ya baba yenu na Lyle. Upande wa Lyle uwe mkono wangu wa kulia. Leteni hapa... karibu zaidi, siwafikii. Vichwa vyenu. Mungu awape mvua ya kiasi na mavuno ya pili. Awape watoto watakaowaloweshea sakafu, nanyi msiwagombeze sana. Verdine wangu. Terrell wangu. Nimewaridhia, wote, kwa yote.

Sasa ondoa, mwanangu. Taratibu. Usipanguse.