Mwanamke Aliyepima Uzito wa Masizi

Dada yetu mkubwa, tuliyemwita Dada Masizi hata mbele ya wageni, alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, mtoto wa kwanza wa dereva wa lori na mshona nguo. Mama alipenda kusimulia kwamba safari yake ya kwanza ya kutambaa iliishia kwenye bomba la moshi la lori la baba, akarudi uso mweusi, anacheka. Sisi wadogo zake tulizaliwa tukakuta nyumba tayari ina mtaalamu.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1973 akaingia chuo kikuu kusomea fizikia. Wakati wa likizo alimuuliza baba kwa nini lori likipanda mlima hutoa moshi mweusi. Baba alimjibu kwamba amechoka na anataka chai.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika maabara ya chuo kuchunguza masizi ya dizeli. Wenzake waliyahesabu kama vidonge vya makaa, vigumu na vizito. Yeye alikuwa na wasiwasi na hesabu hiyo. Hapo ndipo alipojitokeza fundi wa injini wa gereji ya jirani, ambaye kwa kumpenda dada alikuwa hajiwezi. Alikwangua masizi kwenye mabomba, akajaza kopo la maziwa, akalileta maabara na kuposa pale pale mlangoni.

Dada alipokea kopo, akamwambia, "Ngoja kwanza nijue masizi yana uzito gani, ndipo nitakujibu."

Bwana yule akangoja. Dada alipima masizi ya kopo lile kwa miaka miwili, majibu yakatoka mazito kama wenzake walivyotaka, akakaribia kuyachapisha. Kisha siku moja alimkuta fundi kule gereji akijaza kopo jingine, anayashindilia masizi kwa kidole gumba ili yaenee mengi. Dada akakaa juu ya tairi. Muda wote huo alikuwa akipima masizi yaliyokwisha kupondwa na mapenzi.

Fundi alidhani posa imekufa. Kesho yake alifika maabara na injini nzima juu ya mkokoteni, akaiwasha, ili dada ayanase masizi yakiwa bado hewani. Ndipo ukweli ukaonekana. Chembe ndogo za mviringo zilikuwa zimeshikana zikawa matawi yaliyopinda, kama tita la kuni lililofungwa ovyo, na kadiri tita lilivyokuwa kubwa ndivyo nafasi tupu zilivyozidi, na ndivyo lilivyokuwa jepesi kwa ukubwa wake.

Dada alitoka nje, uso umejaa masizi. "Sehemu kubwa ni hewa," alimwambia. "Haya, nenda kwa baba."

Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1982 na wakajaliwa watoto watatu. Zawadi ya shemeji siku ya harusi ilikuwa kopo lenye masizi yaliyotua humo yenyewe, bila kuguswa na kidole cha mtu. Lilikaa juu ya kabati la vyombo miaka yote ya ndoa yao, na mtoto aliyelitikisa alikiona cha mtema kuni.

Mwaka jana alianza kuugua figo. Si mapafu. Aliagiza tuliseme hili mbele yenu, ili masizi yasisingiziwe. Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, shemeji akiwa amemshika mkono. Tumemlilia sana, na kila tukimkumbuka tunaishia kucheka.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na sisi wadogo zake wanne. Kopo amelibeba. Shemeji alilipakata njia nzima kuja hapa, akimsihi dereva apite matuta polepole, kisha akaliweka kwa mkono wake mwenyewe ndani ya jeneza. Tunawaomba mtakaoshika kamba mshushe taratibu, lisitikisike.

Apumzike kwa amani dada yetu, na udongo umlalie mwepesi, sehemu yake kubwa iwe hewa.