Nilipoulizwa Kama Naogopa Kurudi Nyumbani

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Wale wa kule nyuma karibu na dirisha sijawasikia. Bwana asifiwe! Haya, sasa nimepata nguvu ya kusema.

Hapa Kasulu mnanijua kama Mama Elia, yule anayeuza dagaa na mawese sokoni. Lakini mimi nimezaliwa Busunzu, kule Kibondo, na ndoa yangu ilikuwa huko. Leo namtukuza Mungu kwa jinsi alivyonitoa.

Ndugu zangu, mume wangu hakuwa mtu mbaya tulipoanza. Nitasema hivyo mpaka kaburini. Yeremia alikuwa na mizinga ya nyuki porini. Msimu wa kurina asali nguo zake zilinuka moshi, nikaijua harufu hiyo kabla hajafika uani. Alinimegea sega, nikalamba mpaka asali ikanichuruzika kiwikoni. Jioni tulimenya mihogo pamoja huku akiimba besi ya kwaya. Majirani walimcheka, mwanaume gani anamenya mihogo! Naye anawajibu kwa Kiha, anacheka nao, kisu hakiachi. Hata leo ukungu ukishuka asubuhi kama ule wa kwetu, nayakumbuka hayo, na moyo unaniuma kwa utamu wake.

Halafu pombe ikaingia. Ilianza ile ya ndizi, kama kwa watu wote, ikaja gongo. Biashara ya asali ikampeleka Kakonko, akawa analala huko, na wanawake wakawa huko huko. Akirudi ananipiga. Kukicha analia, anaomba msamaha, anachukua kisu anamenya mihogo. Nami nikiiona mihogo ile nasema moyoni, Yeremia wangu amerudi! Ndugu zangu, kumbukumbu tamu inaweza kumfunga mtu kuliko kamba.

Nilikuwa na mimba ya Elia siku aliponisukuma nikaangukia mkono, ukavimba. Nilikuwa sijaanza kliniki, nikaenda zahanati siku hiyo. Kila aliyeniuliza njiani nilimwambia nimeteleza kisimani.

Pale nilimkuta nesi mgeni, Mwanaidi, Muislamu wa Tanga aliyeletwa na serikali. Alinifunga mkono kwanza. Kisha akafunga mlango, tukabaki wawili. Akasema, "Mama, haya maswali namuuliza kila anayeanza kliniki, awe mke wa mwenyekiti, awe mke wa mchungaji. Sijakuchagua wewe. Na usipotaka kujibu, sikulazimishi."

Akaanza. Nyumbani kuna anayekunywa? Nikasema kidogo tu. Akilewa anakuwaje? Anasinzia, nikasema. Ana wanawake wengine? Hapana. Kuna aliyekupiga tangu ushike mimba? Hapana. Nilikuwa najibu haraka haraka, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi. Hakunigombeza, hakuutazama hata ule mkono. Akauliza, "Unaogopa kurudi nyumbani leo?"

Ndugu zangu! Hilo sikuwa nimeliandalia uongo. Mama mkwe aliwahi kuniuliza nimemkosea nini mwanawe. Wazee wa kanisa waliwahi kuniuliza kama navumilia. Kama naogopa, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikafungua mdomo niseme hapana, ikatoka sauti nyingine kabisa: "Ndiyo, dada. Naogopa."

Nililia mpaka nikashindwa kukaa sawa. Mwanaidi akaweka kalamu chini, akanishika bega. "Basi turudi mwanzo," akasema, "taratibu." Tukayarudia yote, safari hii kwa ukweli.

Kisha akanipima. Nilikuwa na virusi vya ukimwi. Nalisema hili mbele yenu bila aibu, maana aibu ilikaa nami muda mrefu na haikunisaidia kitu. Siku hiyo hiyo akanianzishia dawa, akampigia dada yangu Dorika hapa Kasulu, akaongea na afisa ustawi wa jamii. Nikapanda basi nikiwa na nguo nilizovaa na kitenge kimoja. Tulipopita pori la mizinga ya Yeremia niligeuza uso upande wa pili, nikalia.

Elia akazaliwa. Akapimwa, akapimwa tena, hana virusi! Haleluya! Mimi dawa nameza kila siku na maombi naomba kila siku. Asije mtu akaniambia nichague kimoja.

Mnataka kujua habari za Yeremia. Ustawi wa jamii walimwita, naye akaulizwa maswali yake. Alisema anakunywa kujiburudisha tu. Walipomuuliza kama amewahi kumuumiza mtu akiwa amelewa, aliinama, hakuinuka haraka. Naye alipimwa, sasa anatumia dawa kama mimi, na gongo anapigana nayo. Kuna miezi anaishinda, kuna miezi inamshinda. Huja kumwona mtoto kwa Dorika, anakaa barazani. "Mwakeye, Mama Elia," ananisalimia kwa Kiha, nami naitikia. Sijarudi kwake. Yule kijana wa zamani nampenda hata leo, lakini nimeacha kumngoja. Mungu alinitoa kwenye kule kungoja, nami namshukuru!

Ndugu zangu, mtumainini Bwana. Ana njia nyingi za kugonga mlango, na kwangu aligonga kwa mkono wa binti wa Tanga aliyevaa ushungi.

Na wewe dada yangu uliyejifunika mpaka shingoni na joto hili, sitakutazama wala sitakutaja. Ibada ikiisha, wengine wakisalimiana, mimi nitakuwa pale kwenye bomba la maji nikinawa miguu. Nitanawa polepole. Njoo.