Nahodha Aliyejimwagia Chai

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi, chini ya bati lililotoboka hivi kwamba mvua ikinyesha kila mtu anajua pa kutokaa. Kahawa ni ya birika la Methali, mlinzi mstaafu, aliyeitwa hivyo kwa sababu ana methali kwa kila jambo, ila siyo ya jambo hilo. Waya anatengeneza televisheni mlango wa pili. Mimi nashona nguo ng'ambo ya barabara. Cherehani ikinichosha, navuka. Kinyozi mwenyewe, tangu mdogo wake aanguke kwenye jengo alilokuwa akilipaka rangi, anakunywa kahawa amesimama, haongei. Mjane na binti wa marehemu sasa wanaishi kwake. Kwa hiyo asubuhi ile alipoanza yeye kuzungumza, tulitega masikio.

— Jana nimezima televisheni. Ule mchezo wa zamani, wa chombo cha angani.

— Umezima mwishoni? Waya akauliza. Kwenye utamu?

— Utamu gani? Mpishi kafungiwa nje ya mlango ili wenzake wapone. Nahodha kabonyeza kitufe kwa mkono wake. Wanamsikia anagonga, anagonga, mpaka ananyamaza. Kidogo tu, nahodha kajimwagia chai, daktari kaanza kumtania, meno nje na muziki juu. Nikasema hapana.

— Michezo ya enzi zile ndivyo ilivyo, Waya akasema. Kila wiki msiba, kila wiki kicheko.

— Biashara hiyo, nikasema mimi. Mtazamaji ukimwacha analia, tangazo la sabuni ataliona na macho gani?

— Siyo sabuni, Waya akasema. Wiki ijayo kuna safari nyingine. Wakibaki matanga, chombo ataendesha nani?

— Ndiyo maana wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akasema Methali.

— Inaingiaje hapo? nikamuuliza.

— Inaingia. Tena nyie hamjui, hewa ya mle ndani inatoka kwenye mashine. Wanaitia dawa ya kuchekesha. Maana huku chini ukifiwa unaweza kwenda kulia nyuma ya nyumba. Kule juu hakuna nyuma ya nyumba.

Waya hakukubali kuachwa.

— Basi hata mpishi hakufa. Nje ya ule mlango kulikuwa na mlango mwingine. Yumo humohumo, anapika, na wao wanacheka kwa sababu wanajua.

— Alikufa, akasema Kinyozi.

Akanywa funda la kahawa. Baadaye akaongeza, taratibu:

— Sisemi wasicheke kabisa. Wangengoja kidogo.

Hapo ndipo shemeji yake alipotokea, mjane wa mdogo wake, amebeba taulo za duka alizozifua. Hajawahi kusimama kijiweni kwetu. Alitusalimia, akampa Kinyozi taulo, lakini hakuondoka.

— Mchezo wa jana huo?

— Huohuo, shemeji.

— Kuna neno nilitaka kukwambia nyumbani, nikakosa pa kuanzia. Ile chai ilipomwagika, mtoto alicheka.

— Sikumsikia.

— Alijiziba mdomo. Alikutazama kwanza, akajiziba. Wewe ukainuka ukazima. Tulipokwenda kulala akaniuliza swali, likanishinda. Nikamwambia nitamuuliza baba mkubwa.

— Swali gani?

— Kauliza, tutaruhusiwa kucheka lini?

Methali alimimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Waya aliinamia koleo lake kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Mimi nilitafuta la kusema, mimi ninayepima watu kutwa na kuwaambia njoo Ijumaa, na sikupata siku ya kumtajia.

— Mimi sijamkataza, akasema Kinyozi.

— Najua. Hata mimi sijamkataza.

Kinyozi akazikunja upya taulo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

— Alisema "nitaruhusiwa," au "tutaruhusiwa"?

— Tutaruhusiwa.

Kinyozi akakaa. Benchi lililia chini yake. Tulikuwa tumesahau uzito wake.

— Waya, akasema. Yule daktari alimwambia nini nahodha? Nilizima kabla hajamaliza.

— Alimwambia, pole, naona suruali ilikuwa na kiu kuliko wewe.

— Halafu?

— Basi. Wakacheka.

— Wote? Kwa hilo?

— Wote.

— Halichekeshi.

— Halichekeshi, Waya akakubali.

Kinyozi akalirudia kwa sauti ya chini, midomo ikicheza, kama mtu anayejifunza salamu za ugenini. Kisha akavua aproni, akafunga mlango wa duka asubuhi kweupe, akamwambia shemeji yake:

— Twende. Nitamwambia mtoto la suruali, hivyohivyo.