Mtungi wa Pumba Aliokabidhiwa Jirani

Mheshimiwa Meya, waheshimiwa madiwani, wazee wenzangu mliosafiri kutoka milimani, ndugu wageni waalikwa, habari za asubuhi.

Mimi ni Tazuko, kitinda mimba wa marehemu Bwana na Bibi Nishihata, wenye nyumba hii mnayoifungua leo kuwa makumbusho. Nimeombwa maneno machache ya furaha. Nitajitahidi, ingawa furaha haiazimwi.

Nianze kwa kuisifu serikali ya wakati wa vita. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ilijua kupanga. Japani iliposhambulia, boti ya baba ya kuvulia samoni ilichukuliwa hata mochi, keki zetu za wali za mwaka mpya, hatujatwanga. Kisha sote wenye damu ya Kijapani, hata tuliozaliwa hapa hapa Kanada, tukaamriwa kuondoka pwani. Nyumba zetu serikali ingetutunzia mpaka turudi. Nani asingeamini? Mama alipiga deki hadi barazani, mtunzaji asije akakuta uchafu.

Halafu akamwita jirani yetu Mnorwei, Bi Ragna, akamwonyesha mtungi wa pumba za mpunga aliochachushia mboga. Bibi yetu alikuja nao melini kutoka Wakayama, Japani. Pumba zile zisipogeuzwa kwa mkono kila siku, huoza.

"Dada Ragna, nigeuzie mpaka nirudi."

"Nitageuza. Ila mume wangu akinihama kwa harufu, utanitafutia mwingine."

"Chukua wangu, anakoroma."

Walicheka, kisha wakashikana wakalia.

Huko milimani tulikopelekwa, katika kibanda cha mbao mbichi, Mama alikuwa akiamka na kusema, "Sasa hivi Ragna ana mkono mtungini." Ndiyo ilikuwa sala yake. Mwaka wa pili akaja bwana mmoja wa serikali, akatuambia nyumba imeuzwa pamoja na vilivyomo.

Mama akauliza, "Na pumba zangu, nani anazigeuza?"

"Mama, nyumba imekwenda, wewe unauliza pumba?"

"Nakuuliza wewe uliyesema utatunza."

Bwana yule akakunja karatasi zake, akaondoka. Baadaye Ragna mwenyewe alitueleza kwamba alipokwenda kuuomba mtungi mnunuzi alimfukuza, kisha akaumwaga mtaroni. Mama hakuchachusha tena hata tango moja. Majivu yake yako huko huko milimani, na mimi uchungu haujanitoka.

Sasa, Mheshimiwa Meya, nimesoma kibao mlichokaza kwa skrubu mlangoni: "Nyumba iliyoachwa na familia ya Nishihata." Iliyoachwa? Ndugu zangu, anayeiacha nyumba yake hupiga deki? Humwomba jirani amgeuzie pumba mpaka arudi?

Nawashukuru kwa rangi mpya, na kwa chai. Mkasi wa kukatia utepe nauweka hapa mezani, nao utakaa hapa mpaka kibao kile king'olewe.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa, nani ana bisibisi?