Unga wa Nikeli wa Ma Theopista

Tarehe 30 Juni 1998, Theopista Byabato, fundi wa maabara yetu ya Hamugembe, anastaafu baada ya miaka thelathini ya kazi. Hapa tunamwita Ma Theopista.

Mwishoni mwa 1978, vita vilipofika Kagera, mitungi ya haidrojeni ya kujazia maputo ya kupimia upepo iliacha kuja kutoka Mwanza. Mkuu wake, Dakta Protase Mwijage, aliamua gesi itengenezwe hapa hapa, kutokana na chumvi ya boroni iliyoyeyushwa majini. Bila kichocheo ilitoka polepole mno. Kichocheo kilikuwa unga wa nikeli, wenye chembe ndogo ambazo hadubini yetu haikuweza kuziona.

Unga wa kwanza aliuharibu Ma Theopista mwenyewe. Aliuosha, akauanika juani kwenye mkeka kama kahawa. Ulipokauka ulijiwasha, mkeka ukateketea. Mlinzi Aroni alimtania miaka mingi: "Ma, kahawa imekauka?" Tangu siku hiyo unga haukutolewa majini.

Mashine ya kupima chembe hatukuwa nayo. Alitumia sumaku ya spika ya redio mbovu. Unga wote ulivutwa. Alichoangalia ni kilichotokea sumaku ikiondolewa. Chembe kubwa zilibaki zimeshikana mabonge. Zile ndogo sana ziliachana papo hapo na kutawanyika majini, na hizo ndizo zilizotoa gesi kwa kasi. Mwijage alitumia miaka kumi kutafuta sababu ya tofauti hiyo.

Alifariki Machi 1991, kwa ugonjwa uliokuwa ukitupeleka makaburini kila wiki. Daftari zake zilipelekwa kwao Muleba pamoja na nguo. Vipimo vya mwisho vilikuwa bado, na bila hivyo hakuna ambaye angeichapisha kazi yake. Ma Theopista alikaa msibani siku nne ndipo akaziomba. Mkubwa wa ukoo, Ta Ndyamukama, alimuuliza kwa heshima mbele ya watu: "Waitu, karatasi za marehemu utazifanyia nini?" Alijibu kwamba hakuna mwingine anayeweza kusoma mwandiko ule. Mjane, Ephrasia, alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alisema ni kweli, hata barua za uchumba alisomewa na dada yake. Daftari zikatolewa.

Hazikusema unga uoshwe mara ngapi. Alijaribu mwenyewe, fungu baada ya fungu: mafungu kumi na matatu yalishikana mabonge. La kumi na nne lilitawanyika, na chupa iliyopinduliwa kwenye beseni ikajaa gesi kwa dakika tatu badala ya kumi na moja. Alirudia mara tano kabla ya kuandika. Ripoti ilichapishwa 1994, jina la Mwijage likiwa la kwanza. La kwake alilifuta mara mbili. Mhariri alilirudisha mara mbili.

Nakala moja aliipeleka Muleba mwenyewe. Watoto watatu wa Mwijage, ambao walimkumbuka baba yao akiwa kitandani tu, sasa wanajua alifanya kazi gani.

Ma Theopista, tunakushukuru. Ngenge, unakokwenda kupumzika, ikupokee vizuri, afya ikae nawe, na asubuhi zako zote ziwe zako.